Udereva wa treni: kazi kubwa ni kuisimamisha

Kuna mkuu kauliza: udereva wa treni ni kazi gani hasa, maana usukani hakuna, njia imeshalazwa, si unakaa tu unapiga honi hadi Kigoma? Wengi wamemjibu kwa utani. Mimi nitajibu kwa urefu, na nitaongelea zaidi reli ya kati ya zamani, ile ya upana wa mita moja, Dar es Salaam hadi Kigoma, kilomita 1,252, vichwa vya dizeli na treni za mizigo. SGR, ile reli mpya ya umeme, nitaigusa mbele kidogo.

Usukani kweli hakuna. Kuna uzito. Treni ya tani 1,200 ikitembea kilomita 60 kwa saa inameza karibu mita 17 kila sekunde. Ukifunga breki, hewa inachukua muda kufika behewa la mwisho, silinda za breki zinajaa polepole, ndipo mwendo unaanza kulegea. Hesabu mita mia sita hadi kilomita nzima, kutegemea mteremko, mvua na hali ya breki zenyewe. Usiku taa ya kichwa haikuonyeshi umbali huo vizuri, na kwenye kona haikuonyeshi kitu. Ukisubiri uone ndipo ufunge, umeshachelewa. Ndiyo maana dereva hapewi treni kwenye njia asiyoijua, hata awe na miaka ishirini kazini. Lazima ajue kwamba baada ya daraja fulani kuna mteremko, kwamba stesheni inayofuata iko kwenye kona, kwamba pale kwenye mbuyu ndipo breki ianze kama treni ni nzito. Usiku anaijua njia kwa masikio: mlio wa magurudumu hubadilika ukiingia darajani, hubadilika ukiingia kwenye mtaro wa mlima.

Sasa breki, maana hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Watu wengi hudhani hewa ndiyo inayofunga breki. Kwenye bomba kuu mambo yako kinyume: bomba likijaa hewa, breki zimeachia, hewa ikitoka, breki zinafunga. Bomba hilo linapita chini ya treni nzima na linajazwa hadi bar 5 (bar ni kipimo cha presha). Kila behewa lina mtungi wake wa hewa na valvu inayotazama presha ya bomba. Presha ikishuka, valvu inachukua hewa ya mtungi na kuipeleka kwenye silinda, bloki zinabana magurudumu. Uzuri wake ni kwamba treni ikikatika vipande viwili, hozi zinachomoka, hewa inatoka, na vipande vyote viwili vinajifunga vyenyewe.

Kabla ya kuondoka dereva anasoma ubao wa matangazo na karatasi ya vikwazo vya mwendo: kutoka kilomita fulani hadi fulani mwisho 15, daraja fulani mwisho 30, gengi la njia liko kazini mahali fulani. Anakizunguka kichwa: oili kwa kijiti, maji ya kupozea kwenye kioo, dizeli, mchanga wa kumwaga relini magurudumu yakiteleza, bloki za breki, kapla (vyuma vinavyounganisha mabehewa), hozi. Anafungua vikoki vya chini vya mitungi ya hewa ili maji yatoke. Kompresa ikikandamiza hewa, unyevu wake unageuka maji, na maji yakiachwa huingia kwenye valvu na kuleta kutu. Valvu nyingi zinazokwama njiani zilianza kuharibika kwa uvivu wa kufungua vikoki hivyo. Ndani lazima pawe na bendera nyekundu, taa ya mkono, fataki za reli (hulipuka zikikanyagwa, kumwonya dereva anayekuja), kizima moto, hozi ya akiba na spana yake.

Jaribio la breki halina njia ya mkato. Bomba linajazwa, gadi (msimamizi wa treni) au fundi anakwenda nyuma kabisa na geji. Asome bar 5 au pungufu kidogo tu kwa treni ndefu. Dereva anakata ulishaji, wanaangalia kwa dakika moja presha inashuka kiasi gani. Ikizidi robo ya bar hivi, kuna mahali panavuja, mara nyingi ni washa ya mpira kwenye maungio ya hozi. Kisha hewa inapunguzwa, bloki za behewa la mwisho zinabana, inarudishwa, zinaachia. Behewa la mwisho ndilo shahidi. Koki moja tu ya bomba kuu ikiwa imefungwa katikati ya treni, mabehewa yote ya nyuma yake hayana breki, na geji ya dereva itaendelea kuonyesha bar 5 kana kwamba kila kitu ni salama.

Dereva mzoefu ana kipimo kingine, sikio. Ukipunguza hewa kwenye treni ya mabehewa 25, pumzi inayotoka kwenye valvu ni ndefu, inaisha taratibu. Umepunguza kiasi kile kile na pumzi imekatika upesi, kama ya mabehewa matano? Simamisha treni. Kuna koki imefungwa, hata kama karatasi ya jaribio imesainiwa dakika kumi zilizopita.

Kuondoka ni kazi ya subira. Injini ya dizeli haizungushi magurudumu moja kwa moja. Inazungusha jenereta, umeme unakwenda kwenye mota zilizo kwenye ekseli. Mkono wa nguvu kwa kawaida una nochi 8, yaani ngazi nane za nguvu. Unaanza na ya kwanza, unaacha kapla zinyooke moja moja, unasikia treni ikijivuta nyuma yako, ndipo unaongeza huku jicho liko kwenye amita, geji ya umeme unaokwenda kwenye mota. Ukikimbilia nochi ya tano, ama magurudumu yanateleza ama kapla inakatika.

Kuteleza kuna tabia yake. Mvua kubwa si mbaya sana kwa sababu inaosha reli. Mbaya ni manyunyu ya kwanza baada ya kiangazi, yakichanganyika na vumbi na mafuta yaliyodondoka. Dawa ni kushusha nochi kwanza, kisha mchanga. Ukimwaga mchanga wakati magurudumu bado yanazunguka ovyo, yanapokamata ghafla mtikisiko unaweza kuvunja kitu. Na mchanga wenyewe lazima uwe mkavu na uliochekechwa. Ukiwa na unyevu unaganda kwenye bomba, na utagundua hivyo mlimani, mahali pabaya kuliko pote.

Mlimani mota zinakuwa na shida ya joto. Treni nzito ikitambaa kilomita 10 kwa saa kwa nguvu zote, mota zinakula umeme mwingi, na kila kichwa kina kiwango cha muda wa kuvumilia hali hiyo. Kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Saranda kwenda Manyoni si mahali pa kufika ukiwa umeshapoteza mwendo. Ukiona haiwezekani, bora usimame uombe msaada au ugawe treni mara mbili kuliko kuunguza mota.

Kushuka ndiko kunakotisha zaidi, ingawa abiria wengi huogopa kupanda. Ukifunga breki na kuachia, mitungi ya mabehewa inatakiwa ijae upya, na inajaa kupitia matundu madogo. Kwa treni ndefu ni suala la dakika. Ukifunga tena kabla haijajaa, unafunga kwa hewa kidogo kuliko ya kwanza. Ukirudia mara tatu, nne, unabaki na geji nzuri mbele yako na treni isiyo na breki. Kwa hiyo sheria ya mteremko ni kuanza na mwendo mdogo juu kabisa, kutumia breki ya umeme ya kichwa (mota zinageuzwa jenereta, nguvu inaishia kuwa joto kwenye vyuma vya juu vinavyopulizwa na feni), na kuitunza hewa. Kama mwendo unapanda huku umeshafunga, usibembeleze. Simamisha treni yote ungali na hewa, jaza upya, kisha endelea.

Ukisimama mlimani usiiamini hewa. Inavuja, taratibu lakini inavuja, na silinda zikilegea treni inaondoka yenyewe. Fungeni breki za mkono za mabehewa ya kutosha, wekeni magogo chini ya magurudumu. Na kichwa kikikatwa ili kiende kuzunguka, koki ya upande wa mabehewa iachwe wazi hadi hewa ya bomba iishe kabisa. Mtu akiifunga haraka wakati hewa bado inakimbia kuelekea mbele, hewa hiyo inagonga koki na kurudi nyuma, presha inapanda kidogo, na valvu zinaelewa kwamba dereva ameamuru breki ziachie. Mabehewa yaliyokuwa yamefungwa yanaanza kutembea. Tunaokumbuka Igandu hatufanyi mzaha na hili: tarehe 24 Juni 2002, mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani ikagongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281.

Jambo jingine ambalo mtu wa nje halioni ni ruhusa ya njia. Reli ni moja, treni zinakuja pande zote mbili na zinapishana stesheni. Huingii sekisheni, yaani kipande cha njia kati ya stesheni na stesheni, bila kibali, na kibali unakisoma neno kwa neno: namba ya treni, tarehe, kutoka wapi, mwisho wapi, saini. Kwa redio, unarudia ulichoambiwa chote na stesheni masta anathibitisha. Hatari kubwa hapa ni mazoea. Kila siku kibali kinafika stesheni ile ile, siku moja kimeishia stesheni ya kabla yake, macho yanasoma kilichozoeleka. Ndiyo maana msaidizi wa dereva naye anasoma kwa sauti kabla dereva hajagusa mkono wa nguvu.

Masika, kati ya Kilosa na Gulwe, maji ndiyo bosi. Eneo hilo limekatika mara nyingi. Ubaya wake ni kwamba maji hula kokoto na udongo wa chini, reli na mataruma vinabaki vinaning'inia, na ukiwa juu ya kichwa unaona reli mbili zimenyooka zinang'aa vizuri kabisa. Tazama pembeni. Maji yakiwa yamesimama juu zaidi upande mmoja wa tuta kuliko mwingine, tuta linayanywa. Simama, mtu ashuke atembee, subirini watu wa njia. Kuchelewa kunaandikwa tu kwenye ripoti.

Presha ikishuka ghafla njiani, unarudisha nochi sifuri, unaacha treni isimame, unatoa taarifa, na msaidizi anatembea nyuma na tochi, spana na hozi. Ikiwa hozi imepasuka, ni kazi ya dakika chache. Ikiwa valvu ya behewa imekufa, unafunga koki ya behewa hilo, unatoa hewa ya silinda yake, unaandika namba yake, maana sasa treni ina breki pungufu na mwendo wako lazima upungue. Behewa la mwisho halifungwi hivyo. Hilo lazima liwe na breki hai. Ikiwa kapla imekatika, kipande cha nyuma kinafungwa breki za mkono kwanza, ndipo mengine yafuate. Ng'ombe nao husababisha haya: kundi likigongwa, mzoga unaingia chini na kung'oa hozi.

Watu ni jambo gumu zaidi, na sitaki kulirefusha. Anayevuka huku kaweka simu sikioni, bodaboda anayewahi kivuko. Unapiga honi, unafunga breki yote, halafu unasubiri, huna kingine cha kufanya. Baada ya hapo treni inalindwa, taarifa inatolewa, polisi wanasubiriwa. Dereva ambaye mikono inatetemeka ana haki ya kusema asiendelee, na aseme.

Usingizi unakuja kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri, hasa kwenye nyika tambarare. Kuna kifaa cha uangalizi: usipokijibu kwa sekunde kadhaa kinalia, usipokijibu tena kinafunga breki. Lakini mwili hujifunza kukijibu nusu usingizini, kwa hiyo usikifanye mlinzi wako wa pekee. Ongeeni, simama, fungua dirisha, kula kidogo kabla ya safari. Ugali wa kushiba saa nne usiku utaujutia. Vichwa vya zamani vina joto, kelele, na vingi havina choo. Panga maji unayokunywa. Kupumzika ni kwenye nyumba za wafanyakazi za stesheni kubwa, mnapika wenyewe, halafu mnaitwa saa yoyote kurudi na treni nyingine. Ndoa zinaisoma ratiba hiyo kwa uchungu.

SGR ni ulimwengu mwingine: umeme wa kilovolti 25, abiria hadi kilomita 160 kwa saa, na skrini mbele ya dereva inayomwambia mwendo unaoruhusiwa na kufunga breki yenyewe akizidisha. Kuchoka kwa mikono kumepungua, ila kwa mwendo ule kusimama bado kunadai kilomita moja na zaidi, na kanuni za kichwani zimeongezeka.

Kwa anayetaka kuingia: pita chuoni, kile cha Tabora ndicho kinachojulikana zaidi, kisha tegemea muda mrefu wa usaidizi kabla hujashika treni. Utashika spana na tochi kuliko mkono wa nguvu. Tumia muda huo kuandika daftari lako la njia: kila mteremko, kila kona, kila mahali wenzako wanapoanzia breki na kwa treni ya uzito gani.

Na mwisho wa zamu kuna makabidhiano, kitu ambacho wageni hukifanya ovyo. Anayekupokea anahitaji kusikia hivi: kichwa kinapoteza nguvu nochi ya sita, mchanga wa kulia hautoki, behewa la tisa koki yake ya breki imefungwa, halina breki, kikwazo kipya cha 15 baada ya daraja, breki inashika kwa kuchelewa, anza mapema. Umwambie kwa mdomo na uandike kwenye kitabu cha kichwa, vyote viwili.