Maswali Yenu Kuhusu Bandari ya Tanga: Funguo Zilikuwa Kwa Nani?

Tangu meli kubwa zianze kufunga gatini Tanga, maswali mnayoniletea yamebadilika. Zamani mliuliza bandari itafufuka lini. Siku hizi mnauliza ilikuwa chini ya nani, na wazee wetu waliajiriwa na nani hasa. Nimechukua machache.

Je, Tanga iliwahi kuwa na mamlaka yake yenyewe ya bandari? (Msomaji wa Chumbageni)

Haijawahi, na hilo natamani kila mtoto wa Tanga alijue. Bandari iko hapa, lakini maamuzi yake yamekuwa yakifanywa mbali. Enzi za masultani, ushuru wa pwani ulikodishwa kwa matajiri wa Kihindi wenye makao Unguja, kama nyumba ya Jairam Shivji na baadaye Taria Topan. Mwaka 1888 sultani aliikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani. Watu wa Pangani wakasimama na Abushiri bin Salim kuipinga, na Tanga nayo ikaingia katika vita hiyo. Waingereza walipochukua nchi, bandari ikawekwa pamoja na reli chini ya uongozi wa Dar es Salaam. Mwaka 1948 uongozi ukahamia Nairobi, lilipoundwa shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1969 reli na bandari zikatenganishwa, na Shirika la Bandari la Afrika Mashariki likapewa makao Dar es Salaam. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaunda mamlaka yake ya bandari. Hii tuliyonayo leo, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA), ilianza kazi Aprili 2005 kwa sheria ya mwaka 2004.

Kwa hiyo Tanga imekuwa na meneja wake, lakini bajeti na mipango mikubwa imesainiwa kwingine. Ukitaka kuelewa kwa nini bandari ilikaa miaka mingi bila kuongezewa kina, anzia hapo.

Marehemu babu aliacha kitambulisho cha kazi chenye herufi EAR&H. Alikuwa mtu wa reli au wa bandari? (Msomaji wa Muheza)

Anaweza kuwa wa upande wowote, mwanangu, kwa sababu mwajiri alikuwa mmoja. Herufi hizo ni za lile shirika la 1948, kwa Kiingereza East African Railways and Harbours. Tazama mstari wa cheo na wa idara, hapo ndipo jibu lilipo. Kama kitambulisho ni cha baada ya 1969, herufi zingekuwa nyingine. Na msikitupe! Shirika lile lilikuwa na watu kuanzia Mombasa hadi Mtwara, na kwa familia nyingi za Tanga karatasi kama hiyo ndiyo ushahidi pekee kwamba babu alikuwepo kazini.

Ndugu huyu ameuliza pia kuhusu mafao. Mali za Jumuiya ya zamani ziligawanywa kwa mkataba wa mwaka 1984, lakini madai ya wafanyakazi yaliendelea miaka mingi baada ya hapo. Nchi nzima inawakumbuka wale wazee wa Afrika Mashariki waliokaa barabarani Dar es Salaam wakidai haki yao. Wengi walikufa wakingoja, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Tishari ni nini, na kwa nini wazee wanalitaja kila mara? (Msomaji wa Sahare)

Kwa sababu bila tishari Tanga isingekuwa bandari. Ghuba yetu imetulia, Kisiwa cha Toten kimeikinga, lakini gatini maji yalikuwa na kina cha mita tatu hivi. Meli ya bahari kuu ilitia nanga nje, zaidi ya kilomita moja kutoka gatini, na mzigo ukafuatwa huko kwa tishari, chombo kipana chenye tumbo wazi, kinachovutwa na boti.

Chukua robota moja la mkonge, kilo 250. Linashushwa kutoka kwenye behewa, linaingizwa ghalani, linatolewa, linashushwa kwenye tishari. Tishari linavutwa hadi ubavuni mwa meli. Hapo makuli waliosimama juu ya mzigo, chombo kikiyumba, wanapitisha kamba chini ya robota na kuifunga kwenye ndoano ya winchi. Winchi ikivuta kabla mtu hajatoa mkono, kidole kinakwenda. Mvua ikinyesha, kazi inasimama na meli inangoja, na kila siku ya kungoja ina gharama yake. Mzigo mmoja ulishikwa mara mbili pale ambapo Mombasa au Dar es Salaam ulishikwa mara moja.

Mradi ulioanza mwaka 2019 ndio ulioondoa hali hiyo: kina kimefikishwa mita 13, na magati mawili yenye urefu wa mita 450 yamejengwa. Uwezo umepanda kutoka tani 750,000 hadi milioni 3 kwa mwaka. Nafurahi sana kwa hilo. Lakini ningependa angalau tishari moja lihifadhiwe nchi kavu, watoto waliguse.

Reli ilitangulia au bandari? (Mwanafunzi, Korogwe)

Bandari ni ya kale zaidi. Misafara ya pembe ilishukia Tanga kabla ya Mjerumani. Reli ilianza kujengwa kutoka hapa mwaka 1893, ikafika Mombo 1905 na Moshi 1911. Mwaka huo huo wa 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge. Kati ya miche 1,000 ilipona 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mkonge na reli ndivyo vilivyoikuza bandari.

Vita ya kwanza ya dunia ikaleta mpinzani. Mwaka 1916 Waingereza walijenga reli ya Voi hadi Kahe, na mzigo wa Moshi ukapata njia ya kwenda Mombasa. Mwaka 1963 reli ya Ruvu hadi Mnyusi ikafungua njia ya Dar es Salaam. Kamba za plastiki ziliposhusha bei ya mkonge, Tanga haikuwa na mzigo mwingine wa kuushika haraka.

Vita vya Novemba 1914 vilipiganwa bandarini? (Msomaji wa Ngamiani)

La. Jeshi la Waingereza lilishukia upande wa Ras Kazone. Bandari ilichangia kwa namna nyingine: waliogopa kuwa imetegwa mabomu ya baharini, wakapoteza muda kuyatafuta, na Wajerumani wakapata nafasi ya kuleta askari kwa reli.

Nitafute wapi nyaraka za bandari? (Wengi)

Anzeni Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kwa enzi ya Mjerumani na Mwingereza. Kwa miaka ya Jumuiya, nyingine ziko Nairobi. Hapa mjini pitieni makumbusho ya Urithi kwenye boma la zamani. Ila majina ya makuli na manahodha wa matishari hamtayapata kirahisi kwenye majalada, kwani wengi walikuwa vibarua. Hayo wanayo wazee. Mwenye simu amrekodi mzee wake sasa: alianza kazi mwaka gani, alilipwa kwa siku au kwa mwezi, nani alikuwa msimamizi wake, na nani aliumia. Mkishaandika, mniletee nakala.