Kabla hujamwaga mafuta ya taa kwenye dimbwi, nisikilize

Jana usiku mdogo wangu mmoja wa Pongwe, Tanga, kanitumia picha ya funza wenye mkia mrefu, kawakuta kwenye shimo la maji pembeni ya matango yake, anauliza "kaka niwapige na dawa gani?" Niliishiwa nguvu kabisa, maana hilo kosa nilishalifanya mimi.

2019 nililima nusu ekari ya tikiti hapa Bagamoyo, bondeni kuelekea Ruvu, hela ya mkopo, akili yote kwenye pikipiki ya kununua baada ya mavuno, si mnajua wenyewe. Nikaona funza haohao kwenye dimbwi. Muuza dawa mmoja akaniambia mwaga mafuta ya taa, na wale "nyuki" wanaoelea juu ya maua wapige sumu. Nikapiga saa tatu asubuhi, maua yote yako wazi! Yakapukutika mengi, tikiti zikashika chache, nyingine zimepinda kama kibuyu. Sisemi sababu ni hiyo tu, ila deni nililipa mwaka mzima na yule muuza dawa hajawahi hata kuniambia pole.

Yule siyo nyuki jamani, ni nzi maua. Msogelee taratibu akiwa juu ya ua, kasimama hewani utadhani kaning'inizwa na uzi, mbawa mbili wakati nyuki ana nne, mwiba hana, na wengine macho yana mistari kama kitambaa cha kikoi. Wale funza ni watoto wake, ule mkia ni bomba la kupumulia, anaurefusha mpaka juu ya maji huku mwenyewe yuko chini kwenye tope anakula vilivyooza. Mafuta yakitanda juu, pumzi inakata. Mmea wako hana habari nao, na akikua anatafuta poleni, ule unga wa maua, na mbochi, yale maji matamu ya ua, hapo ndo anakuchavushia bure, anahamisha unga ua hadi ua tunda lishike. Ndugu yake wa Ulaya, wa kwenye mabwawa na majani yenye unyevu, anaitwa Helophilus pendulus, Linnaeus alishamwandika tangu 1758, na Helophilus maana yake mpenda kinamasi.

Kwa hiyo dimbwi liache. Dawa ikibidi piga jioni, maua yakishafunga. Magugu yenye maua ya pembeni usifyeke yote. Na tuache kununua sumu kabla ya kuinama tukaangalia, vijana tunapenda sana njia ya mkato, mdudu hujamjua jina ushamuua! Inama kwanza, angalia.

Mdogo wangu, kesho saa mbili asubuhi nenda kakae kwenye hayo matango dakika kumi bila bomba la dawa mgongoni, halafu nitumie picha.