Tovuti ya Mtu Asiyejua Kuprogramu: Maswali na Majibu

Safari hii karibu nusu ya maswali yaliyonifikia yanafanana: mtu hajui kuprogramu, anataka tovuti ambayo ataibadilisha mwenyewe bila kumwita fundi, ashike mfumo upi? Nimechagua saba. Yaliyokuwa marefu nimeyapunguza.

Nina ofisi ndogo ya uhasibu. Nahitaji kurasa tano tu. Kila ninayemuuliza ananitajia WordPress. Ni lazima?

Si lazima. Wanakutajia hiyo kwa sababu ndiyo wanayoijua: zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaendeshwa nayo. Ilianza mwaka 2003 kama chombo cha wanablogu, na mpaka leo inafaa zaidi pale ambapo kuna maandishi mapya kila mara. Kurasa zako zitabadilika lini? Ada ikipanda, namba ya simu ikibadilika, basi. Lakini WordPress uliyoiweka kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) ya kukodi inadai masasisho mwaka mzima, yenyewe pamoja na mandhari (muundo wa sura) na programu-jalizi (vipande vya kuiongezea uwezo) zake, hata kama huna jipya la kuandika.

Ningekuwa wewe ningeanza na Google Sites. Ni ya bure, na sura yake, sitakuficha, ni ya kawaida mno. Ukitaka kupendeza zaidi na uko tayari kulipia, tazama Squarespace au Wix. Huko usalama wa seva na masasisho ni mzigo wao, wewe unaandika tu.

WordPress.com na WordPress.org ni kitu kimoja?

Programu ni moja, njia ni mbili. Kwenye .org unapakua programu bure na kutafuta seva mwenyewe. Kwenye .com, kampuni ya Automattic inakuwekea kila kitu kwenye seva zake. Mpango wao wa bure una matangazo, na anwani yako inabeba neno wordpress.com. Anayeogopa seva aanzie .com, akikua anaweza kuhamia upande wa pili.

Shikamoo. Kaka yangu ni mtaalamu wa programu, anasisitiza nitumie Hugo kwa sababu ni nyepesi na haidukuliwi ovyo. Unasemaje?

Marahaba. Kaka yako hajakosea. Hugo na ndugu zake kama Jekyll hutengeneza kurasa mapema na kuziweka zikiwa tayari, hivyo hakuna hifadhidata (ghala la maandishi ya tovuti) ya kushambuliwa na kurasa hufunguka upesi. Ila kurekebisha herufi moja kwa kawaida kunamaanisha kufungua faili, kuandika alama za Markdown, za kupangia maandishi, na kuisukuma kwa Git, chombo cha mafundi cha kutunza mabadiliko ya faili. Muulize kama atapokea simu yako saa nne usiku kila ukikosea tarehe ya tangazo. Akisita, umepata jibu.

Na Joomla au Drupal, mbona huzitaji kamwe?

Kwa sababu wanaoniandikia hapa wengi hawana fundi. Drupal ipo tangu 2001, Joomla tangu 2005, na zote mbili ni imara. Chuo chenye idara nyingi na ruhusa tofauti kwa kila mwandishi kitaifurahia Drupal. Lakini angalia yaliyowapata waliojenga kwa Drupal 7: toleo hilo lilitoka mwaka 2011, huduma yake ikakoma tarehe 5 Januari 2025, na kuhamia matoleo mapya hakukuwa kubonyeza kitufe. Wengi walilazimika kujenga upya. Asiye na mtaalamu wa kudumu angeyabeba vipi hayo?

Nimeambiwa nisizidishe programu-jalizi 20 kwenye WordPress. Nina 23. Nitoe zipi?

Hiyo 20 sijui nani aliileta. Unaweza kuwa na 30 zilizoandikwa vizuri na tovuti ikatulia, au mbili tu na moja ikafungua mlango wa wezi. Orodha rasmi ina zaidi ya 50,000, kwa hiyo chujio lako lisiwe idadi. Fungua ukurasa wa kila moja utazame ilisasishwa lini. Kama imepita miaka miwili, tafuta mbadala. Ukiona onyo kwamba haijajaribiwa na matoleo makubwa ya karibuni ya WordPress, vilevile. Usiyoitumia ifute kabisa. Kuizima hakutoshi, maana faili zake zinabaki kwenye seva.

Kisha kuna jambo ambalo hukuuliza. Mandhari za kulipia zinazogawiwa bure na watu msiowajua, zikiwa zimevunjwa kufuli, mara nyingi zimefichwa programu hasidi ndani. Hakuna aliyekaa usiku kucha akivunja kufuli kwa ajili ya kukusaidia.

Pia uwe mwangalifu na programu-jalizi za kupangia kurasa kwa kuburuta vipande. Ni tamu kutumia, lakini baadhi yake ukiziondoa, maandishi yako yanabaki yamezungukwa na alama za ajabu kwenye mabano ya mraba, ukurasa baada ya ukurasa. Kabla hujajenga kurasa 100 kwa chombo hicho, jenga moja, kizime, uone kinachobaki.

Kwaya yetu ilitengenezewa tovuti na kijana mmoja kwa kujitolea. Amehama na hajibu ujumbe. Tunataka kuchagua mfumo mwingine rahisi. Tuanzie wapi?

Ndugu katibu, acheni mfumo kwanza. Swali lenu la kwanza ni jina la tovuti limeandikishwa kwa nani. Mfumo unaweza kubadilishwa mwezi huu na mwezi ujao tena, lakini jina likipotea, kila mliyempa anwani hiyo amepotea nalo, pamoja na barua pepe zinazotumia jina hilo.

Nendeni lookup.icann.org, andikeni jina lenu. Hata kama mwenye jina amefichwa, mtaona msajili (kampuni iliyoandikisha jina) ni nani na muda unakwisha lini. Andikieni msajili huyo mkieleza hali yenu, na muwe na ushahidi: risiti, kama kuna aliyelipa kwa niaba ya kwaya, na barua za zamani. Kama kijana atapatikana, msimwombe nenosiri tu. Mwombeni abadilishe jina la mmiliki na barua pepe ya akaunti, au awape msimbo wa kuhamishia jina kwa msajili mwingine. Na barua pepe hiyo mpya isiwe ya mtu mmoja. Iwe ya kwaya, ambayo viongozi wawili wanaweza kuifungua.

Muda ukikwisha kwa jina la .com, kwa kawaida kuna kipindi cha kulipia kwa kuchelewa, na likishafutwa kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa zaidi. Baada ya hapo yeyote anaweza kulichukua. Mimi niliwahi kupoteza jina namna hiyo, kwa sababu vikumbusho vilikuwa vinaenda kwenye anwani ya rafiki aliyekuwa ameacha kuifungua. Lilichukuliwa na mtu akaweka matangazo. Bado linaniuma.

Mkishapata jina, liwekeni kwa msajili mmoja na tovuti mahali pengine. Mkigombana na anayewapa seva, mnaondoka na jina lenu mkononi.

Mfumo? Kwaya yenye tangazo kila wiki na picha nyingi: WordPress.com inawatosha.

Nikichoka na mfumo nilio nao, nitatoka na maandishi yangu?

Inategemea ulipo. WordPress ina amri ya kuhamisha nje inayokupa faili moja ya XML yenye makala, kurasa na maoni. Lakini picha zenyewe hazimo, zimo anwani zake tu. Tovuti mpya huzivuta kutoka ile ya zamani. Kwa hiyo usifunge ya zamani kabla uhamisho haujakamilika. Ukitaka nakala rudufu kamili, kumbuka ni vitu viwili: faili na hifadhidata. Wengi hunakili faili, wakaridhika, kumbe maandishi yote yako kwenye hifadhidata.

Squarespace hutoa faili inayosomeka na WordPress, ila si kila aina ya ukurasa inaingia. Wix haikupi njia ya kuichukua tovuti nzima na kuiweka kwenye seva nyingine. Maandishi mengi utayanakili kwa mkono. Kwa kurasa tano za yule mhasibu hapo juu, hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Kwa makala 400, fikiri mara mbili. Blogger, iliyo chini ya Google tangu 2003, ni ya kizamani kwa sura lakini hukuruhusu kupakua makala zako zote.

Bado umesimama katikati ya mifumo miwili mitatu? Fungua akaunti za majaribio, kisha mpe simu yule atakayekuwa anaandika, si wewe unayelipa. Mwambie arekebishe namba moja, aweke picha aliyopiga sasa hivi, afute ukurasa kisha aurudishe. Usimsaidie. Chukua ule ambao hakukuita.