Boksi la nyuma baadae, anza na shokapu na tairi

Kwa safari ndefu ya watu wawili boksi sio la kwanza kununua, anza na shokapu za nyuma maana kwenye pikipiki ya zamani springi zishachoka, ukipakia mtu na mizigo nyuma inakaa chini, mbele inakuwa nyepesi na taa inamulika juu badala ya barabarani. Zikaze springi kwanza, kama bado zinalala badilisha. Upepo wa tairi fuata kipimo cha watu wawili kwenye kitabu cha pikipiki, pima tairi likiwa baridi. Na soma zile namba 4 za mwisho kwenye mstari ulioandikwa DOT ubavuni mwa tairi, zinaonyesha lilitengenezwa lini, 2314 ni wiki ya 23 mwaka 2014, tairi kama hilo hata meno yakiwa marefu toa tu aisee, mpira ushakauka. Mimi nilikuta la kwangu lina nyufa nyembamba kama nywele wakati mke wangu ashavaa helmeti tunataka kuondoka, safari ikaishia hapo. Cheni nayo icheki abiria akiwa amekaa, shokapu zikishuka inakaza. Ndani ya boksi weka makoti ya mvua tu, vizito vikae chini pembeni.