Maswali na Majibu: Redgrave, Kasia na Kisukari

Barua nyingi safari hii zinamhusu Steve Redgrave, mpiga makasia Mwingereza wa Marlow aliyetwaa dhahabu katika Olimpiki tano mfululizo, 1984 hadi 2000.

Kwa nini akipiga kafi anatazama nyuma?
Hapigi kafi! Kafi liko huru mkononi, na mpigaji hutazama mbele aendako. Kasia hushikizwa ubavuni mwa chombo, kama ngalawani kwenye kishwara, kitanzi cha kamba, na mpigaji huipa mgongo njia. Watu wa pwani ndio mnaonishangaza zaidi mkichanganya haya.

Nataka mabega kama yake. Ninyanyue vyuma vya kilo ngapi?
Anza na miguu. Kiti cha mashua ya mashindano huteleza juu ya reli. Magoti yamekunjwa, kasia linazama, miguu inasukuma. Kisha mgongo unafunguka, na mikono inamalizia kuvuta mpini hadi chini ya mbavu. Ukikunja viwiko mapema, nguvu ya mapaja inaishia njiani. Ukichelewa kutoa kasia majini, maji hulishika na mpini hukupiga tumboni.

Kuna Mkenya aliyewahi kupiga makasia Olimpiki?
Yupo. Matthew Lidaywa Mwange, Beijing 2008, peke yake chomboni.

Ni kweli Redgrave alizipata dhahabu zote peke yake?
Hata moja. Los Angeles walikuwa wanne na mshika usukani. Seoul alikuwa na Andy Holmes. Barcelona na Atlanta na Matthew Pinsent. Sydney na Pinsent, Tim Foster na James Cracknell. Chombo cha wawili kisicho na mshika usukani kinaweza kuwa na kilo 27 tu: mmoja akivuta kabla ya mwenzake, kinapinda njia papo hapo. Magazeti hupenda jina moja, nanyi mnayafuata.

Baba yangu ana kisukari. Redgrave alishinda nacho, basi dawa si lazima?
Mwambie baba asiache dawa hata siku moja. Redgrave aligunduliwa mwaka 1997, aina ya pili, na alishinda Sydney akiwa *anajidunga* insulini. Kwanza alijaribu kupunguza sukari chakulani, nguvu zikamwishia mazoezini. Akarudia chakula kingi cha mwanamichezo, huku akipima damu na kudunga mara nyingi kwa siku, chini ya madaktari. Baba asiyefanya mazoezi ya aina hiyo asiige sahani hiyo. Na anayedunga insulini kisha akafanya kazi ndefu bila kula, sukari hushuka: jasho, mikono kutetemeka, kuchanganyikiwa. Awe na glukosi mfukoni. Wanaouza mizizi kwa picha ya bingwa huyu ni matapeli.

Atlanta 1996 si aliapa hataingia tena chomboni?
Alisema atakayemwona karibu na mashua ana ruhusa ya kumpiga risasi. Alikuwa ametoka kumaliza mita 2,000. Nani huapa vizuri akihema?

Sydney aliwaacha mbali?
Hapana. Uingereza dakika 5 na sekunde 56.24, Italia ya pili dakika 5 na sekunde 56.62.