Ithibati ya maabara: ni makaratasi tu au inasaidia kweli?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mtaalamu wa maabara kwenye kituo cha afya binafsi huku Kahama. Bosi karudi kutoka semina anasema lazima tupate ithibati ya ISO 15189, kile kiwango cha kimataifa cha ubora na umahiri wa maabara za tiba, sasa wenzangu wanalalamika ni makaratasi matupu, tuko watatu tu na foleni ya malaria peke yake inatumaliza. Hivi inaboresha kazi kweli au ni cheti cha kutundika ukutani? Na tunaanzia wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wenzako wasikilize, manake zipo maabara zinaandika SOP (maelekezo ya kufanya kila kazi hatua kwa hatua) usiku kucha wiki moja kabla mkaguzi hajaja, akishaondoka faili linarudi kabatini na friji inaendelea kusoma nyuzi 12 wakati vitendanishi vingi vinatakiwa vikae kati ya 2 na 8. Hapo mgonjwa kapata nini?

Nyie anzeni na namba zenu wenyewe. Mgonjwa wa malaria anasubiri majibu muda gani tangu atoe damu, kwa mwezi mnakataa sampuli ngapi kwa sababu damu imeganda au chupa haina jina, mashine imekaa siku ngapi bila kufanya kazi, basi, hivyo vitatu vinatosha kuanzia. Andikeni kwenye daftari kila siku hata kama foleni ni ndefu, mwisho wa mwezi mkae na bosi mzisome pamoja. Tuseme mkagundua sampuli nyingi zilizoganda zinatoka wodi ya wazazi, msigombane na manesi, nendeni mkawaonyeshe ile chupa ya kofia ya zambarau inapinduliwa taratibu mara 8 hadi 10 mara tu damu ikishaingia, halafu mwezi unaofuata mnahesabu tena mnaona kama zimepungua. Mkaguzi mzuri anachotafuta ndo hicho hicho: tatizo lilikuwa nini, chanzo chake nini, mkafanya nini, na baada ya hapo namba zikasemaje. Mkiwa nayo hayo, SOP zinajiandika zenyewe maana mnaandika kitu mnachokifanya kweli.

Na zile sampuli za ulinganisho zinazoletwa kutoka nje kuona kama majibu yenu ni sahihi, tafadhali zipimwe na yeyote aliye zamu kama za mgonjwa mwingine yeyote, msimsubiri yule fundi wenu hodari, mtajidanganya bure.

Msirukie 15189 moja kwa moja. WHO kanda ya Afrika ina mpango wa kuinua maabara hatua kwa hatua kuelekea ithibati, unaitwa SLIPTA, unatoa nyota kuanzia sifuri mpaka tano, ukipata asilimia 55 una nyota moja, tano inataka 95 kwenda juu. Unaenda sambamba na mafunzo ya usimamizi wa maabara yanayoitwa SLMTA, yaliyozinduliwa Kigali mwaka 2009, hayo nayapenda sana kwa sababu mtu anarudi kazini na mradi wa kurekebisha kitu halisi kwa vifaa alivyonavyo. Ila nyota tano bado sio ithibati, ithibati yenyewe mnaomba kwa chombo kama SADCAS chenye makao Gaborone, ambacho kinahudumia nchi kadhaa za SADC ikiwemo Tanzania.

Mkiipata semeni ukweli kwa wateja. Ithibati inatolewa kwa vipimo vilivyoorodheshwa tu, sio jengo zima, kwahiyo kama ni picha kamili ya damu na sukari basi bandikeni hivyo dirishani, na pembeni muweke muda wa kusubiri majibu wa mwezi uliopita, hata kama haupendezi.

SWALI: Dada, sisi hospitali yetu tayari ina cheti cha ISO 9001, maabara si inakuwa imeshaingia humo humo?

JIBU: Hapana ndugu yangu. 9001 inasema taasisi ina mfumo wa kusimamia ubora, ni kitu kizuri, lakini haimpimi mtu wa maabara kama anajua kazi yake wala kama jibu alilotoa ni sahihi. 15189 inaangalia mfumo na umahiri wote kwa pamoja, mkaguzi anasimama pembeni yako anakuangalia ukipima. Endeleeni na 9001 ya hospitali, ila maabara iombe ya kwake, na muanze na vipimo vichache mnavyovifanya kila siku.