Morrowind haihitaji bando

Umeuliza kama lazima uwe na bando ndipo ucheze Morrowind. Hapana kaka, halihitajiki. Morrowind ni gemu la 2002 la kucheza peke yako. Wote unaokutana nao njiani ni programu tu, hakuna mtu upande wa pili. Nimelicheza hapa Uyole msimu mzima wa mvua kwenye kompyuta kuukuu, data nimezima.

Na huo mshale wa kuonyesha njia unaosema huuoni, si hitilafu. Haupo, ndivyo lilivyotengenezwa. Unaelekezwa kwa maneno: toka mjini, fuata mto, ukivuka daraja shika kushoto. Ni kama kumuuliza njia mama muuza ndizi wa Tukuyu: ukishaupita ule mparachichi mkubwa, shuka bondeni. Ukisikia vibaya umepotea. Mimi nilipotea nikaangukia kwenye pango ambalo hakuna aliyenituma, nikakesha humo hadi majogoo yakawika (kesho yake kazini usiniulize). Utamu wa haya magemu uko hapo hasa. Ukisahau ulichoambiwa, bonyeza J usome shajara.

Ila kulishusha mara ya kwanza lazima uwe na intaneti. Ukinunua kwenye Steam (duka la magemu la mtandaoni), ingia kwenye akaunti ukiwa hewani, ndipo uwashe hali ya nje ya mtandao. Ukinunua kwenye GOG (duka jingine kama hilo), weka faili la kusakinisha kwenye flashi, umemaliza. Halafu zoea kubonyeza F5 kuhifadhi, maana umeme wa huku hauagi.